Kibao cha Mjomba Kwenye Mashine ya Zege

Mjomba wangu ana mashine ya kukorogea zege, na juu ya ekseli yake, upande wa kushoto, aliwahi kumwambia fundi amchomelee kibao cha chuma cha kukalia. Kibao hicho ndicho kilichoninyima raha siku ninayoikumbuka hapa. Mashine yenyewe haikunisumbua. Mashine ukiifunga vizuri inakufuata. Anayesumbua ni mtu aliyekaa juu yake.

Dada yangu alikuwa anamwaga zege la jamvi, sakafu ya chini ya nyumba yake, Kimara. Vibarua walishafika, kokoto na mchanga vilishashushwa, na mashine aliyoikodi ikagoma kuwaka. Akanipigia simu analia. Dada yangu analia kirahisi, nimeshazoea, lakini wingu lilikuwa limejikusanya kweli na vibarua wa zege hawakai kungoja mtu. Nikamwambia atulie, naenda Temeke kwa mjomba.

Gari langu ni pikapu ndogo na kuukuu. Kwa kawaida nawahamishia watu makochi na friji. Nikisema inavuta mashine ya zege, watu wanacheka. Kuvuta inavuta. Shida ni kusimama, kwa sababu mashine haina breki yake. Wewe ukikanyaga breki, yenyewe bado inakuja, inakusukuma mgongoni. Ndiyo maana napakia mawe kwenye bodi, juu ya magurudumu ya nyuma, gari lipate kukanyaga chini sawasawa. Naacha nafasi kubwa mbele yangu hata wenye haraka wakiijaza wao, na gia ya pili naiingiza kabla mteremko haujaanza. Mnyororo wa akiba ni lazima. Mambo hayo sibishani na mtu. Wanaoniita mkorofi hawajakosea.

Nilimkuta mjomba ameshaitoa mashine uani, amevaa kofia yake ya kitambaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Geuza gari."

Nikarudi nyuma taratibu mpaka mkono wa mashine ukaingia kwenye ndoano ya gari. Mjomba akapitisha pini. Chini ya pini kuna tundu la kuwekea kishikizo ili isichomoke, na kishikizo chenyewe kilishapotea siku nyingi, basi yeye huweka msumari na kuukunja kwa nyundo. Huo msumari sikuupenda hata kidogo. Nikafunga mnyororo kwa mkono wangu, nikauvuta mara mbili tatu. Halafu mjomba akaokota kabari yake, kipande cha mbao ngumu kilichochongwa upande mmoja, akapanda kukaa kwenye kibao.

Ujana wake mjomba alikuwa utingo wa malori ya kwenda kusini. Lori likishindwa mlima, utingo ndiye anayeruka chini na kutupa kabari nyuma ya gurudumu. Kazi hiyo haijamtoka mwilini. Kwake yeye, mwenye mashine akikaa mbele na dereva huku mashine inaburutwa nyuma peke yake, ameitelekeza. Isitoshe, mashine haina taa, kwa hiyo yeye hukaa pale juu na kuwapungia mkono wenye magari wapunguze mwendo.

"Mjomba, naomba ukae na mie mbele."

"Mbele nikafanye nini? Kabari atatupa nani?"

"Mnyororo upo, mjomba."

"Mie nimeanza kazi hizi wewe hujazaliwa. Washa gari, dada yako anangoja."

Kwetu mjomba haamrishwi. Unaweza kumwomba, ukarudia kumwomba kwa sauti ya chini, ikaishia hapo. Nikaingia kwenye usukani lakini sikuwasha. Nilijua kwamba pini ikichomoka, mashine itaangukia upande wowote inaotaka, na kama ni upande wa kibao, aliyekaa pale hatoki. Ningemwambiaje? Kumtajia mkubwa kifo chake usoni ni utovu wa adabu uliopitiliza. Nilikuwa nampenda na nimemkasirikia, vyote kwa wakati mmoja, na funguo ziko mkononi.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kukitaja kifo hicho alikuwa mkaza mjomba, mkewe. Sie wa pwani mpwa na mkaza mjomba wana utani wao. Tangu nikiwa mdogo ananiita mume wake mdogo, nami humwambia namsubiri mjomba aachie ngazi. Siku hiyo alitoka na chupa ya chai, akaniona nimekaa tu.

"We mume wangu, mbona huondoki?"

"Naogopa," nikamwambia. "Nikiondoka na mzee pale juu, nitakurithi leo leo."

Tulikuwa tumeshataniana hivyo maisha yetu yote. Safari hii hakucheka. Aliniangalia mie, akamwangalia mumewe, akaweka chupa ya chai juu ya boneti. Akajifunga khanga kiunoni, akazunguka nyuma, akashika chuma cha mashine, akapanda na kujibana kando ya mjomba kwenye kibao ambacho hata mtu mmoja hakimtoshi vizuri.

"Unafanya nini wewe?" mjomba akauliza.

"Tunaenda Kimara."

"Shuka. Watu wanatutazama."

"Watazame. Kama hapa panakufaa wewe, na mie pananifaa. Mie sikai eda kwa sababu ya zege."

Majirani walikuwa wameshaanza kusimama. Mama muuza vitumbua aliacha vitumbua vyake kwenye mafuta. Mjomba angeweza kubishana nami mpaka adhuhuri, lakini kumpitisha mkewe Barabara ya Mandela juu ya mashine ya zege, mguu unaning'inia, hilo hakuliweza. Akateremka. Akaingia mbele bila kunitazama, akafunga mlango kwa nguvu, kabari ipo mapajani. Mkaza mjomba naye akashuka, akatupitishia chupa ya chai dirishani. Nikawasha gari.

Safari yote mjomba alikaa amegeuka nyuma, anaitazama mashine kupitia kioo. Malori ya makontena yanayotoka Kurasini yalitupita kwa fujo, na kila likipita moja upepo wake uliiyumbisha mashine, nami nikaachia mafuta bila kukanyaga breki mpaka itulie. Bodaboda mmoja alitaka kupenya katikati ya gari na mashine. Mjomba alitoa kichwa dirishani akamtukana tusi la zamani ambalo sijalisikia tena. Mbele ya Ubungo nilisimama pembeni, nikashika vikombe vya katikati ya magurudumu ya mashine kuona kama vimepata moto, nikaukagua msumari. Ulikuwepo. Mjomba alinywa chai.

Kwa dada yangu unaiacha lami na kuteremka njia ya vumbi iliyochimbwa na mvua. Nikaingiza gia ya pili. Tulikuwa tumeshaiona nyumba, na vibarua wamekaa juu ya kokoto, gurudumu la mashine lilipotumbukia kwenye korongo. Mkono wa mashine ulirushwa juu, msumari ukakatika, pini ikatoka. Nikasikia mnyororo ukikaza. Mashine ikalala upande wa kushoto na kujibamiza kwenye ukuta wa mawe wa jirani, ikabaki pale, imeshikwa na mnyororo.

Mjomba alikuwa nje kabla sijavuta breki ya mkono. Akaweka kabari chini ya gurudumu la gari, vizuri, kama alivyofundishwa. Kisha akasimama mbele ya mashine. Kile kibao kilikuwa kimekunjika, kimegusana na pipa la mashine, na hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata kiganja.

"Foleni ya Ubungo imetuchelewesha sana," akasema.

"Kweli, mjomba."

Vibarua walikuja na kamba, wakainyanyua mashine na kuiteremsha kwa mikono. Injini yake iliwaka papo hapo. Zege likamwagwa, mvua ikapita pembeni, dada yangu akalia tena, safari hii kwa furaha.

Jioni, kwa pini iliyofungwa bolti na nati, tuliirudisha mashine Temeke. Mkaza mjomba alitoka kutupokea, ameshaandaa maneno, nilimwona usoni. Akazunguka upande wa kushoto. Akaweka mkono kwenye kile kibao kilichokunjika, akauacha hapo. Mjomba alikuwa ameshaingia ndani kutawadha.

Nilingoja anitanie. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba bahati yangu imeharibika, nitaendelea kusubiri.

"Njoo ule, mwanangu," akasema.

Hajawahi kuniita hivyo, kabla ya siku ile wala baada yake. Pale mlangoni, nilipoona utani wenyewe umemwishia, niliogopa kuliko nilivyoogopa mteremkoni.