Jembe la Chini ya Mnyaa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, palikuwa na mahali pamoja kwenye kilima chetu, huko Butihinda, ambapo sikuruhusiwa hata kutema mate. Ni pembeni mwa shamba, chini ya mnyaa mkubwa katika ua wa miti hiyo uliotutenganisha na Matayo, jirani aliyelima ardhi yetu miaka yote tuliyokuwa ukimbizini Tanzania, na ambaye bado aliitaka. Chini ya mnyaa ule, asubuhi ya kukimbia vita, babu alizika jembe lake la mhunzi, pana kama jani la yugwa. Babu alifia kambini. Bibi ndiye aliyerudi na sisi kulilinda.

"Chuma hicho kikitoka ardhini," alituambia, "ardhi itakifuata. Mtalala njiani."

Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Jumamosi aliumwagia mnyaa pombe ya ndizi. Mchungaji hakujua, na sisi tulikuwa na akili ya kunyamaza.

Siku moja nilitema mate pale kwa kusahau. Bibi alinichapa mbele ya watoto wa Matayo, nao wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kuliandika.

Kesho yake wakubwa walikuwa sokoni. Akaja mtu na pikipiki kutoka Gitega, mmoja wa wale wanaozunguka vilimani kununua vyuma vya wazee, bangili za shaba, mikuki, kengele za mbwa wa kuwinda, wakaviuze Ulaya. Alinionyesha kwenye simu yake jembe kuukuu limesimamishwa juu ya meza ya kioo, sebuleni kwa watu wasiojua hata kupalilia.

"Kwenu hakuna kama hii?"

"Lipo. Lakini lina kutu."

"Kutu ndiyo muzuri. Wazungu wanapenda kutu. Iko wapi?"

"Bibi anasema halitolewi."

"We unaogopa nini? Ni chuma tu."

Nilimpeleka. Hakunilazimisha. Alichimba kwa jembe la dukani la Bibi mwenyewe, akafuta udongo kwa kidole, akatabasamu alipoona pengo dogo kwenye bega la kushoto la jembe, kisha akalifunga ndani ya gunia na kufukia shimo vizuri. Akanipa pakiti ya biskuti. Nilizila zote kabla ya kufika nyumbani.

Nilingoja radi. Haikupiga. Baada ya wiki mbili nikaanza kumcheka Bibi kimoyomoyo.

Kisha wazee wa kilima wakaja kusikiliza kesi ya mpaka. Matayo aliapa kwamba mpaka ulikuwa huku ndani, kwenye migomba, karibu na mlango wetu. Bibi hakubishana.

"Chimbeni chini ya mnyaa," alisema. "Mume wangu aliacha shahidi. Ana pengo begani, upande wa kushoto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Walichimba, wakakuta udongo mtupu. Bibi akalichukua jembe la kuchimbia mikononi mwao.

"Labda nimesahau. Labda ni mti wa pili."

Alichimba wa pili, akachimba wa tatu, akaenda hivyo ua mzima, kanga imemlegea kiunoni. Wazee walitazama pembeni.

"Mama, pumzika," Matayo akasema. "Ulikaa Tanzania sana."

Ardhi ikawa yake, nasi tukabaki bila pa kulima. Tulihamia Giteranyi, kwenye chumba cha kupanga.

Siku hizi ninauza magodoro Gitega. Wanunuzi wale bado wanapita dukani kuuliza vitu vya zamani, na ninawafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwaka jana, kwenye simu, niliona jembe linauzwa na mtu wa ng'ambo. Pengo lilikuwa begani, kushoto. Chini yake ameandika kwamba lilikotoka hakujulikani.

Bibi alijua mtoto hawezi kutunza siri ya mpaka, ndiyo maana akatupatia woga tuutunze badala yake. Ilikuwa hesabu nzuri. Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa hasira ya fimbo moja.

Alikufa akiamini kwamba ni kichwa chake kilichosahau mti. Hata mwisho alikuwa akihesabu minyaa kwa vidole juu ya blanketi. Siku ile ya kesi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sentensi moja ingetosha. Nilimwacha achimbe.