Kiporo cha Mkopi

Sisi ni watani wa ukoo wa Polikarpo, kwa hiyo nitasema nitakavyo na hakuna wa kunikasirikia. Ndivyo utani ulivyo huku kwetu. Wao wakifiwa, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaoingia humo na kulala tukidai kuku, tunaovaa nguo za marehemu na kuigiza alivyotembea, alivyokula, alivyogombana na mkewe. Tena tunaigiza kwa kukosea makusudi. Mfiwa akiona ndugu yake anaharibiwa namna ile, hawezi kukaa kimya. Atanyanyuka tu aseme hakuwa hivyo, alikuwa hivi. Akishaanza kusahihisha, kilio kinafunguka. Mtu ambaye hajaigizwa, kwetu hajazikwa.

Sasa Balbina. Alikuwa mke wa Mkopi, mdogo wake Polikarpo, mpiga kasia kwenye kivuko cha mto Kilombero hapa Ifakara. Vita vya Maji Maji vilipofika bondeni, ndugu hao wawili walikunywa maji ya dawa, wakajifunga mabua ya mtama vichwani na kupanda pamoja na wenzao kwenda kulishambulia boma la Wajerumani kule Mahenge. Polikarpo alirudi peke yake. Alisema walipotezana njiani kabla ya kulifikia boma, yeye akageuka, na mwenzake hajui alielekea wapi. Labda amefungwa. Labda amekimbilia kwa Wangoni. "Atarudi," alisema, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, neno lake ndilo lililosimama.

Kila jioni Balbina alipopakua chakula, alitenga sehemu ya mumewe kwenye chungu kidogo, akakifunika kwa ungo. Shemeji yake ndiye aliyeagiza: akirudi usiku atakula nini? Hata mwaka ule wa njaa baada ya vita, watu wakichimba mizizi porini, chungu cha Mkopi hakikulala kitupu. Asubuhi, kwa vile Mkopi hakurudi, Polikarpo alikila kile kiporo. Chakula hakitupwi, alisema. Mtu huyo nakwambia alikuwa na koo pana.

Kwa mila, mjane hanyolewi, haogeshwi mtoni wala haolewi mpaka msiba wa mumewe umalizwe, na msiba ambao haukuanza utaumalizaje? Balbina alilima mpunga wa shemeji kule Michenga, akauvuna, akautwanga, akalala kwenye nyumba ya shemeji, mke wa mtu asiyekuwepo. Miaka saba. Fridolin mchonga mitumbwi alimtaka, naye Balbina alimtaka Fridolin. Hilo lilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Walipokwenda misheni, Padre Raimundi aliwauliza nani alimwona Mkopi akifa. Bila shahidi hakuna ndoa. Mila ikasema hapana, kanisa likasema hapana, na sijui kama kuna jambo jingine ambalo mila na kanisa vimewahi kukubaliana upesi namna hiyo.

Padre huyo alipenda muziki kuliko chakula. Mwaka huo, mavuno yalipokwisha, alitangaza kwamba sikukuu ya Petro na Paulo itakuwa siku nzima ya muziki na mchezo: asubuhi muziki wa kwao, jioni mchezo wa Lazaro aliyefufuliwa. Watu walifika kutoka pande zote, wengine kwa mitumbwi kutoka Malinyi. Hata akida wa serikali ya Wajerumani alikuja na kiti chake.

Asubuhi padre alitoa sanduku lenye tarumbeta, akalizungusha mkono, akaweka sahani nyeusi juu yake. Zikatoka fidla nyingi kwa pamoja, kisha mwanamke akaanza kuimba kwa sauti ya juu iliyopanda na kukataa kushuka. Wengine walizunguka nyuma ya sanduku kumtafuta. Baba yangu, Barnaba, hakuzunguka. Alikaa mbele kabisa, kama kawaida yake, na sahani ilipoisha akauliza.

"Padre, huyu mama yuko wapi?"

"Amekwisha kufa, Barnaba. Siku nyingi."

"Walimlia?"

"Sana. Mji mzima."

"Na wewe uliuona mwili?"

"Mimi nilikuwa mbali. Nilipata habari tu, nikalia."

"Ahaa," alisema baba, akamtazama Balbina aliyekuwa amekaa upande wa wanawake. Baba aliapa mpaka anakufa kwamba hakupanga lolote siku ile. Mimi ni mwanawe na simwamini.

Mchezo wenyewe ulikuwa umemsumbua padre wiki nyingi. Fridolin alichaguliwa kuwa Lazaro kwa sababu aliweza kulala bila kutikisika, Balbina akawa Martha dada yake, na katekista Theodori akawa Bwana Yesu. Lakini kila walipofanya mazoezi ya kilio, watu walicheka. Utamliliaje mtu ambaye umemwona asubuhi anakunywa togwa? Theodori alimweleza padre kwamba msiba usio na watani hauliliki. Padre alifurahi, akawaita baba na wenzake, akawaambia: "Fanyeni kama mnavyofanya kwenu." Maskini padre. Baba alimuuliza padre jinsi Lazaro alivyotembea, alipenda chakula gani, alikuwa mkali au mpole, na padre akasema Maandiko hayasemi.

Basi jioni ikafika. Fridolin alilazwa kwenye shimo mbele ya kanisa, amefungwa sanda hadi machoni. Balbina alipiga magoti pembeni, akasema maneno yake ya Martha vizuri tu. Theodori alisubiri nyuma ya mti, kanzu nyeupe, mpaka wakati wake wa kuja kuita, "Lazaro, toka nje."

Hapo baba akaingia, kasia begani.

Hakutembea kama Lazaro. Alitembea huku goti la kushoto likitoka nje kidogo, akisimama kila baada ya hatua chache kutema tumbaku, na alipofika ukingoni mwa shimo alipiga mluzi ule ambao mpiga kasia mmoja tu alikuwa anaupiga kuwaita abiria. Watu wa kivukoni waliguna. Mwanamke mmoja alianza kucheka na kicheko kikamkatika. Balbina aliinua kichwa, akasahau maneno yake yote.

Baba akaendelea. Akavuka mto, akagombana na abiria, akambembeleza mkewe ampe wali zaidi. Kisha akaliweka kasia chini, akajifunga bua la mtama kichwani, akapanda mlima kwenda bomani. Alifika. Akatoa mlio wa bombomu, ile bunduki ya Wajerumani ya kumimina risasi, kwa mdomo, akarusha mikono juu na kuanguka chali, kwa madaha, miguu hewani.

"Siyo hivyo."

Ilikuwa sauti ya Polikarpo. Alikuwa amesimama katikati ya wanaume, na nadhani yeye mwenyewe hakujua amesimama. Mfiwa hawezi kuvumilia kosa la mtani. Amelelewa hivyo, na baba yake alilelewa hivyo.

"Siyo hivyo, Barnaba. Alianguka kifudifudi. Mkono wa kulia ulibaki chini yake."

Baba alinyanyuka taratibu, akaanguka tena, kifudifudi, mkono wa kulia chini.

"Hivi?"

"Hivyo," alisema Polikarpo.

Akida, ambaye alikuwa amesikia mtu akikiri mbele yake kwamba alifika bomani, aliinuka kwenye kiti chake akaenda kuliangalia lile sanduku la muziki kwa makini, mgongo kwa watu. Hilo nitamsifia.

Balbina aliondoa shela la Martha. Akamwendea shemeji yake, wala hakupiga magoti kama ilivyompasa.

"Alisema nini, shemeji?"

"Aliniita."

"Na wewe?"

"Nilikimbia. Aliniita tena, nikasikia, nikazidi kukimbia."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Hakupotezana na mtu. Alimwacha mdogo wake chini akimwita, akarudi nyumbani, na aibu ikamfunga mdomo. Ili mdomo ubaki umefungwa, ikabidi Mkopi awe hai. Nimejaribu kumhurumia. Siku nyingine naweza, siku nyingine nakumbuka kiporo nashindwa.

Balbina alipiga yowe moja tu, refu, akaanguka chini, na wanawake wote wakaangukia pale alipo. Kilikuwa kilio cha kweli, cha Mkopi, na cha wengine wengi waliopanda kwenda Mahenge na hawakuigizwa. Padre mwanzoni alidhani mchezo unakwenda vizuri kupita alivyotazamia, naye machozi yalimtoka. Theodori alitoka nyuma ya mti, akaona hali, akarudi. Lazaro hakuitwa siku ile. Fridolin, ambaye alisikia kila neno akiwa ndani ya shimo, aliona haifai maiti kuamka katikati ya msiba wa mtu mwingine. Alilala kimya mpaka jua lilipozama, kisha akatoka mwenyewe na sanda yake mabegani.

Msiba ulikaa siku zake zote. Polikarpo aliitwa misheni, akamweleza padre alichokiona, na padre akatamka kwamba Balbina ni mjane. Baba alidai jogoo wake wa utani akapewa. Mwisho Balbina alinyolewa, akaogeshwa mtoni pale kivukoni, na ikasemwa kwamba Jumapili Fridolin ataleta watu wake.

Jioni ya siku aliyooga, alipika kwa Polikarpo kwa mara ya mwisho. Alimpakulia shemeji, akawapakulia watoto wa shemeji, akajipakulia mwenyewe na kula akashiba. Hakumtukana mtu. Aliosha vyombo, akavipanga, akaenda kulala kwa shangazi yake.

Asubuhi baba alikuwa anapita njia ya mtoni akamwona Polikarpo uani. Alikuwa amejikunja mbele ya kile chungu kidogo, ungo mkononi. Alikuwa amekifunua kwa mazoea tu, kama asubuhi zote za miaka ile, akakikuta kimeoshwa na kukauka. Alikuwa analia kwa sauti, peke yake, akimwita mdogo wake kwa jina.

Mtani ana haki ya kumcheka mtani wake popote amkutapo. Baba alipita.