Fébronie Alipocheka Milimani

Masumbuko hakuwa mwongo. Waliomjua tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu watakuambia hivyo bila kuulizwa. Pale ghalani alikofanya kazi, bosi akiuliza nani kaangusha maboksi, wenzake hutazama dari, yeye hujitaja. Mtu wa namna hiyo akidanganya mara moja, uongo wake humtafuna kuliko wetu sisi tuliozoea.

Ilikuwa Julai 2015. Mama mkwe wake, Mama Chibalonza, alifariki Bukavu siku ya Jumatano, asubuhi tu, akiwa anapepeta mchele. Trésor, mwana wa marehemu, alimpigia simu Masumbuko na si dada yake Fébronie, mke wa Masumbuko, maana kwao habari ya kifo haitupwi masikioni mwa mfiwa kama maji ya kufulia. Wakubwa hukusanyika, huja pamoja, huketi, na mmoja wao husema. Wengine huwa tayari kukudaka ukianguka. Masumbuko mwenyewe aliambiwa hivyo hivyo kifo cha baba yake kule kambini, na anaamini hadi leo kwamba mikono iliyomshika siku ile ndiyo iliyomzuia asirukwe na akili.

Lakini kambini jirani ni wa kuitwa kwa kupaza sauti. Huku Macquarie Fields, kitongoji cha Sydney, watu huishi kwa ratiba za kazi. Balthazar, mkubwa wa jumuiya ya Wakongo pale, alipiga simu huku na huku: huyu ana zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, yule hawezi kupewa ruhusa, mwingine yuko darasani. Mwishowe wakakubaliana Jumamosi jioni.

"Mpaka hapo, ndugu yangu, funga kinywa," Balthazar alimwambia. "Na simu yake uichukue. Fesibuku haina wakubwa."

Masumbuko akaichukua. Akamwambia mkewe kwamba kioo kimeharibika na kwamba ameipeleka kwa fundi Bankstown, na kumbe ilikuwa mfukoni mwake. Ijumaa jioni, akiwa kazini, ikalia. Alikuwa Trésor. Jeneza limeshatolewa uani, watu wameketi, naye anaomba dada yake amuage mama, neno moja tu, simu iwekwe karibu na sikio la marehemu kabla hawajafunika.

"Amelala," Masumbuko akasema.

Kisha akaizima. Fébronie hakuwa amelala. Alikuwa nyumbani akipiga pasi sare zake. Mila ilimtaka Masumbuko anyamaze, haikumtaka aseme vile. Alisema kwa woga, na alijua ni woga.

Usiku huo theluji ikaanguka kwenye Milima ya Buluu, nyingi kuliko walivyozoea watu wa Sydney. Kwa jiji ambalo baridi yake ni ya sweta moja, ilikuwa sikukuu. Asubuhi redio haikuwa na habari nyingine. Wanawake wa jumuiya walitaka nyumba ya Masumbuko iwe tupu ili wapange viti na kupika, na Falone, binti pekee wa Masumbuko na Fébronie, alikuwa kwenye kambi ya vijana wa kanisa.

"Mupeleke mama Falone akaone theluji," Balthazar akashauri. "Mangaribi umurudishe."

Fébronie hakuamini masikio yake. Miaka sita Australia, na njia zake zilikuwa tatu tu: nyumbani, kazini, kanisani. Alivaa koti la kazi la mumewe, soksi mbili mbili, na ndani ya viatu akatia mifuko ya plastiki ili asilowe. Barabara ya milimani ilikuwa imefungwa, hivyo jiji zima lilikuwa ndani ya treni, watoto wamebeba sinia na masanduku ya barafu kana kwamba wanaenda kuchota.

Waliposhuka Blackheath, huko milimani, Fébronie alisimama nje ya stesheni. Paa, magari, nyaya, kila kitu kilikuwa cheupe. Akainama, akachota, akalamba. Akacheka.

"Papa Falone! Kuja uone! Iko laini sawa unga ya muhogo!"

Akaanza kuusonga ule unga kwa viganja kama anayepika bugali, akautupa kifuani mwa mumewe. Kwenye bustani, bibi mmoja wa Kizungu alimwazima mfuniko wa beseni kubwa. Fébronie akaukalia, akateleza kilimani miguu juu, akipiga kelele, na watoto wasiomjua wakampigia makofi. Akapanda tena. Akateleza tena. Masumbuko alisimama chini kumpokea, na kila alipomdaka alitamani ardhi ipasuke. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mkewe akicheka hivyo. Vita haikuwaachia nafasi, wala kambi, wala zamu za usiku. Na leo, siku yake moja ya kufurahi, yeye ndiye aliyeitia sumu.

Waliketi kwenye benchi kupumzika. Fébronie alikuwa anahema, mashavu yanang'aa.

"Simu ikipona nitamupigia mama," alisema. "Nitamuambia Mungu amemwaga unga kwa milima. Atasema minadanganya. We, mama yule!"

"Mama Falone..." Masumbuko akaanza.

"Nini?"

Alimtazama. Maneno yalikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi, na hapakuwa na mtu wa kumziba mdomo. Lakini nani angemdaka huku, kati ya wageni, akianguka?

"Iko baridi," akasema. "Twende tunywe chai."

Walirudi jua likizama. Fébronie alilala njia nzima, kichwa begani mwa mumewe. Mlangoni akaona viatu, vingi, vya kike na vya kiume, na akausukuma mlango. Mwanamke wa Bukavu hahitaji kuelezwa viatu vile vina maana gani.

"Ni nani?" aliuliza. "Semeni. Ni nani?"

Balthazar akasimama, akasema. Fébronie akaanguka, na mikono ikamdaka kama mila ilivyoahidi. Alilia mpaka sauti ikakauka. Wanawake walimketisha kwenye godoro, wakamvua soksi zilizolowa, wakamfunika kitenge.

"Watamuzika siku gani?" akauliza hatimaye.

"Walimuzika jana, mama."

"Jana? Bila Trésor kuniita?"

Balthazar ni mtu mwema. Alitaka kumfariji, hakujua alichokuwa amekishika.

"Trésor alijikaza sana. Nimesema naye leo. Anasema alipiga jana mangaribi, saa ya huku, na walichelewesha kaburi mpaka jua yao ikazama, eti wanangojea uamuke. Mie sikumusikia vizuri. Uamuke wapi?"

Fébronie akageuza kichwa polepole mpaka macho yake yakamfikia mumewe, aliyesimama karibu na mlango.

"Jana mangaribi nilikuwa napiga pasi," alisema.

Masumbuko akaitoa simu ya mkewe mfukoni.

"Ulimuambia nimelala?"

"Ndiyo."

"Na leo ukanipeleka nikacheze."

Hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele, angemrushia kitu. Aliwageukia wanawake, akawaomba wamtoe Masumbuko pale ndani. Alisema hivyo, Masumbuko, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu Falone azaliwe.

Wanaume walimpisha kiti uani na kumpa kikombe cha chai. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kupitia dirishani alimsikia mkewe akianza kulia upya, safari hii akisema na mama yake, akimwomba msamaha kwa kulala, usingizi ambao hakuulala.