Mkono wa Kulia wa Mlango

Kazi ya useremala nimeifanya tangu sijaota ndevu, na mlango niliouvunja kwa uangalifu kuliko yote ni ule wa nyumba ya shangazi yangu, kule Siyu. Nasema kuuvunja, lakini Mzungu aliyenipa kazi hiyo hakulipenda neno hilo. Alitaka tuseme tunaufungua vipandevipande. Haya, tukasema hivyo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Mzungu mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyetoka jasho hata akiwa amekaa kivulini. Alizunguka visiwani mwetu akitafuta vitu vya kale vya kupeleka kwao, kwenye jumba la makumbusho. Kwingine alikaribishwa kahawa, akaondoka na sahani au kiti. Kule Siyu aliuona mlango wa shangazi, akasimama mbele yake mpaka kahawa ikapoa.

Simlaumu. Babu yangu, baba yake shangazi, alimjengea bintiye nyumba ya mawe alipoolewa, kama ilivyo desturi yetu kwamba mume ndiye ahamiaye kwa mke. Mlango akauchonga mwenyewe, maua juu, mnyororo ukizunguka miimo, nguzo mbili za ubavuni, na hakutumia msumari hata mmoja. Viungo vyote vilishikana kwa vijiti vya mti. Mimi ni fundi na nina kiburi changu, lakini mbele ya kazi ile nilijihesabu mwanafunzi.

Nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha. Dari imeporomoka, mvua inaingia itakavyo, na shangazi alikuwa amehamia kibanda cha makuti uani. Mchwa walishaanza kula mguu wa mwimo mmoja, na jirani mmoja, asiye na haya, aliuliza kama mbao zile zingefaa kuchomea chokaa. Hata hivyo kila asubuhi shangazi alitandika mkeka wake nyuma ya mlango ule, ndani, akasuka ukili wa mikeka na kusikiliza nani anapita. Aliwajua watu wote wa mji kwa viatu vyao.

Nilipomweleza haja ya Mzungu, hakuuliza habari ya bei.

"Hiyo nyumba ya huko waupelekako," akasema, "yakaa nani?"

"Hakai mtu, Shangazi. Watu huingia kutazama vitu, kisha wakaenda zao."

"Nyumba haikai mtu, mlango ni wa nini?"

Nikamwonyesha mwimo ulioliwa. Nikaubonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Akakitazama kidole changu.

"Basi na wende," akasema. "Lakini niahidi, mwanangu. Huko nti za watu mlango utasimama kama usimeme hapa. Usisimame kama ubao wa kuanikia samaki."

"Inshallah, Shangazi. Utasimama vivyo hivyo."

"Hiyo ni inshallah ya Mola au ni ile ya mafundi?"

Nikacheka, nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Siku ya kazi, kabla sijagonga kijiti cha kwanza, aliniomba nitoke nje. Akaufunga mlango mwenyewe, akatia komeo, akakaa ndani. Mimi na Mzungu tukasimama nje, ndiani, kama wachumba. Baadaye komeo likalia, mlango ukafunguka, akasema, "Karibuni." Tukaingia tukaanza.

Ilituchukua siku nne. Kila kipande nilikitia alama kwa patasi, alifu, be, te, na nikamtajia Mzungu mahali pake naye akaandika: huu mwimo wa kulia, huu wa kushoto, huu ubao wa kulia, huu wa kushoto. Tukavifunga kwa magunia na mikeka, vikaenda Lamu, vikapakiwa melini. Mji ukaona ajabu kwa wiki moja, kisha ukasahau. Kuku wakawa wanaingia kwa shangazi bila hodi.

Mwaka ukapita na zaidi, ndipo barua ikanifikia kwangu Lamu, na picha ndani yake. Karani wa forodhani alinisomea. Mzungu alisema mlango umefika salama, mafundi wa kwao wameifuata karatasi neno kwa neno, kila kipande kimekaa pake bila taabu. Jambo moja tu liliwashangaza, na wataalamu wao walikuwa wameliandikia maelezo na kuyabandika ukutani: kwamba watu wa visiwa hivi, kwa haya yao, huchonga nakshi upande wa ndani wa mlango ili wapita njia wasizione.

Nikamnyang'anya karani ile picha. Jumba kubwa, wanaume wa kofia, bibi mmoja na mwavuli wake. Na mbele yao mlango wa babu ukiwaonyesha mgongo! Komeo hilo wazi, na nakshi zimegeukia chumba kidogo cha nyuma.

Nilielewa papo hapo, na jasho likanitoka kama Mzungu yule. Kwetu mlango una uso, nao hutazama njia. Kulia kwake ni kulia kwa mwenye nyumba aliyesimama ndani akitazama nje. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyomtajia. Haikunipitikia kwamba yuko mtu duniani awezaye kuuhesabu mlango akiwa amesimama nje, kama mgeni. Wao walisimama nje, cha kulia wakakiweka kulia kwao, na mlango mzima ukageuka.

Picha niliificha sandukuni nusu mwezi. Nilijiambia shangazi mzee, mato yake hayaoni vizuri, ataona nini? Uongo mtupu, niliona haya. Mwishowe nikapanda mashua nikaenda Siyu.

Alikuwa ameketi pale pale pa siku zote, ndani, mbele ya pengo lililoachwa na mlango. Nikampa picha, nikamweleza kosa langu lote, la kulia na la kushoto, nisimwachie Mzungu hata robo ya lawama. Akaisogeza picha karibu na pua, akaigeuzageuza.

"Komeo langu hili," akasema.

"Ndilo, Shangazi. Nisamehe. Nilikuahidi utasimama kama ulivyosimama hapa."

"Usimeme vyema." Akaanza kucheka, na mabega yake yakacheka naye. "Hawa watu wako ndani! Bibi huyu na mwavuli wake, hapa aliposimama ndipo nitandikapo mkeka. Waketi ndani mwangu, nami niko nde na kuku!"

Nikacheka na mimi, kwa kushukuru. Mzigo wa nusu mwezi ulinitoka begani. Akaendelea kuwatazama mmoja mmoja, kama alivyozoea kuwasikiliza wapita njia, akijaribu labda kuwajua kwa viatu vyao.

"Hodi hawakupiga," akasema. "Wangepiga ningesikia. Ni nani alowafungulia?"

Alikuwa bado anacheka alipouliza. Nikamwambia ni mimi.