Gari la Upepo

Mpaka leo nikisikia harufu ya ngozi ya ng'ombe inayoungua, naziba pua na kuondoka. Watu hudhani kazi ya mifugo imenichosha na wanyama. Wanyama sina ugomvi nao. Ni kaka yangu na gari lake.

Pikipiki ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayeanza na hilo. Wote huanza na gari. Sista mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akiuguza watu kwenye zahanati ya misheni karibu na kwetu Karatu, alinifundisha kuiendesha nilipokuwa sekondari. Alipoitwa kurudi kwao akaja nayo hadi uani, akampa baba mkono, kisha akaweka ufunguo kwenye kiganja changu. "Hii ya msichana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Msichana tu." Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alishuhudia, na kuku walishuhudia.

Injini yake haikuwa na rejeta wala maji. Ilikuwa na mapezi ya chuma pande zote, na kilichoipoza ni upepo unaopita kwenye hayo mapezi wakati pikipiki inatembea. Sista alinionya nisiiache ikinguruma nikiwa nimesimama napiga soga, kwa sababu itajipika yenyewe.

Nikaenda chuo cha mifugo. Nilipomaliza, bwana mifugo wa wilaya, aliyekaa Mbulu, akaniambia kuna nafasi Endabash. Vijiji vimetawanyika, gari la ofisi liko juu ya mawe, kwa hiyo anamtaka mtu mwenye usafiri wake. Nikamwambia ninao. Akasema atapita nyumbani Jumatatu kuuona, kwa sababu wengi wamemwambia wanao. Sijawahi kuitaka kazi kama nilivyoitaka ile. Nilishajiona nimefunga boksi la dawa nyuma ya kiti, napita katikati ya mashamba ya mbaazi, na wazee wananisimamisha niwatazamie ndama.

Nilifika nyumbani Ijumaa. Pikipiki yangu ilikuwa imeegemezwa kwenye kihenge cha mahindi, tumbo tupu. Injini haikuwepo. Kuku walikuwa wamelala juu ya kiti na kukichafua chote.

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na aliyejifunza ufundi kwa kushika tochi kwenye gereji za watu, alikuwa ameona magari ya mashindano yakipita barabarani, na tangu hapo hakuwa mtu wa kawaida. Chini aliunga vyuma vya tela lililokufa. Juu alikunja mabati ya mapipa ya lami, na lami yenyewe hakuitoa yote, kwa hiyo jua likiwaka gari lilikuwa linalia machozi meusi. Usukani ulitoka kwenye gari bovu la watalii. Lilikuwa la watu wawili, chini kabisa, mtu unaingia kwa kulala. Viti alivifunika kwa ngozi ya ng'ombe ambayo hakuwa na subira ya kuikausha, na inzi walishaijua. Nyuma ya viti, chini ya kifuniko kilichofunikwa na ngozi hiyohiyo, ilikuwa injini yangu, imefungwa mnyororo unaokwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Rivasi hakuna, kwa sababu pikipiki haina rivasi. Likitakiwa kurudi nyuma linasukumwa na watu.

"Mdogo wangu, usinune," akaniambia huku akifuta mikono kwenye suruali. "Nimeiazima tu. Jumapili napanda nalo mpaka lango la Ngorongoro. Wakubwa wa hoteli za juu wakiliona, nimepata kazi. Jumatatu asubuhi injini inarudi kwenye pikipiki."

"Uliniomba lini?"

"Baba aliruhusu."

Nikamwendea baba. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. "Msichana atapanda pikipiki mpaka lini?" akasema. "Na ukiolewa? Mpe kaka yako Jumapili moja." Niliondoka nikiwa na kinyaa. Si kwa sababu alinikatalia. Ni kwa sababu alisema kwa upole, kama mtu anayenifanyia hisani.

Sasa niwaeleze gari hilo lilivyopata jina. Zamani hizo petroli ilikuwa haipatikani. Mtu alikuwa na gari na mke wake anabeba kuni. Kaka aliwaambia majirani kwamba injini yake inapozwa na upepo, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini kufika kwa jirani wa pili, ikawa ni injini ya upepo; kufika sokoni, ni gari la upepo, halinywi petroli. Wazee walielewa kabisa. Si tairi nalo hujazwa upepo na linabeba mzigo? Basi huyu kijana amejaza upepo kwenye gari zima. Walikuja kuligusa tumbo. Na kaka yangu, ambaye angeweza kuwasahihisha kwa sentensi moja, akasimama hapo na kucheka. Walipomwona anamimina petroli aliyoipata kwa magendo, akasema, "Hii ni ya kuliamshia tu. Kazi yenyewe inafanywa na upepo." Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema bila kupepesa macho, na baba alikuwa pembeni anasikiliza kama yuko kanisani.

Jumamosi nilishuka mtoni na mama kufua. Tuliporudi, baba alikuwa ameinama kando ya gari, mikono imejaa uchafu mpaka kwenye viwiko. Kaka alikuwa ametoboa matundu makubwa ubavuni, nyuma ya viti, ili upepo uingie kwenye injini. Baba aliyaona matundu yale akashituka. Upepo wote si utatoka? Basi akafanya anachofanya kila mwaka baada ya mavuno anapoziba kihenge ili dumuzi wasiingie: alikanda mavi ya ng'ombe na majivu na udongo mwekundu, akaziba tundu moja baada ya jingine, akalainisha kwa kiganja. Kisha akapaka juu rangi nyekundu iliyobaki walipopaka milango ya kanisa. Alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Hata dalili ya tundu hukuiona.

Nikamvuta kaka kando. "Umeona alichofanya?"

"Nimeona. Limependeza."

"Litaungua! Mwambie."

"Nimwambie nini? Mzee amefurahi hivyo. Nitayazibua njiani, asiponiona." Akarudi kulitazama gari lake, akatembeza kidole kwenye rangi, na nikaona usoni kwake kwamba hatazibua kitu. Bila matundu lilikuwa zuri zaidi. Nikachukua bisibisi. Mama akaninyang'anya. "Usimwaibishe baba yako," akasema, na bisibisi akaiweka ndani ya kanga.

Jumapili padre alilinyunyizia maji. Siku hizo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili petroli isiishe, lakini mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi, akatangaza kwamba katazo hilo halihusiani na gari la upepo. Kisha akaingia yeye kwenye kiti cha abiria. Gari likashuka hadi likakaribia kugusa ardhi. Baba akasema na mimi nipande, nivae kitenge kipya, wazungu wa juu waone familia nzima. Nafasi ilikuwa ni ile ya nyuma, juu ya kifuniko. Ndivyo nilivyokalia injini yangu.

Mpaka mwisho wa mji mambo yalikuwa mazuri, ikiwa ni jambo zuri kupigiwa makofi na watu wanaodhani gari lako halinywi petroli. Mlima ulipoanza, kaka akaingiza gia ya chini. Injini ilikuwa inalia chini yangu na sikusikia upepo wowote. Nilikuwa nasikia joto. Kwanza kama la jiwe la jikoni asubuhi. Halafu ngozi ikaanza kutoa mafuta. Nilisimama nusu, nikashika bega la kaka.

"Simama uzibue!"

"Hapa pana watu!" akanijibu akiwa anapunga mkono. Na kweli walikuwepo, wamejipanga kwenye mashamba ya ngano pande zote, watoto wanakimbia, akina mama wanapiga vigelegele.

"Watu wakiisha ninazibua!"

Watu hawakuisha. Kilichoisha ni injini. Mavi ya ng'ombe ya baba yaliyokaushwa na moto yakaanza kunuka, ngozi ikaungua nywele, lami ikachuruzika kwenye kisigino changu, na mwenyekiti akageuka kuniuliza kwa heshima kabisa kama anayenuka ni mimi. Kisha chini yangu pakagonga mara moja, kavu, magurudumu ya nyuma yakagoma, na tukasimama katikati ya barabara tukifuka moshi. Injini ilikuwa imenoki, imekufa. Nilijua kabla kaka hajasema, kwa sababu ile sauti niliisikia kwenye mifupa. Nilipoinuka, kitenge kilibaki kimegandana na ngozi ya kifuniko, ikabidi nikichane. Nilitapika pembeni mwa barabara mbele ya kijiji kizima, na wengine wakanong'ona kwamba pengine nina mimba.

Gari la hoteli moja, lenye kibali chake, lilikuwa linashuka kutoka juu. Meneja akateremka, akazunguka, akapiga mabati yale kwa kifundo cha kidole, akacheka mpaka akafuta machozi. Akamwuliza kaka, "Umelitengeneza mwenyewe?" Kabla jua halijapinda, kaka yangu alikuwa amepata kazi kwenye gereji ya hoteli. Mimi sikuulizwa kitu. Vijana walifungua mnyororo, wakalibeba gari na kuligeuza, likateremka lenyewe bila injini, wakilikimbilia na kuimba, na siku ile kweli lilikwenda kwa upepo. Mimi nilirudi kwa miguu.

Nilimkuta kaka amemketisha baba kwenye gogo la kupasulia kuni, anamwambia jambo kwa sauti ya chini. Mabega ya baba yalishuka. Nikadhani ameelewa kilichonipata, nikaenda kumsogelea, lakini hakunitazama.

Jumatatu bwana mifugo wa wilaya alikuja kama alivyosema. Akatazama fremu iliyoegemea kihenge, akatazama kuku juu ya kiti. "Hii ndiyo?" akauliza. Endabash akapewa mwanamume mwenye baiskeli. Mimi nikapangiwa josho la ng'ombe, kukoroga dawa inayonuka na kuhesabu mikia. Miaka mingi ya ujana wangu ilipita pale, na nguo zangu zilinuka hivyo hata siku ya harusi yangu. Mvua zilizofuata baba akamkatia kaka shamba la chini, lile la karibu na maji, ambalo mama alitaka tugawane. Nikasema moyoni, haya, watoto wa kiume. Nikatema mate, nikaendelea na josho.

Mwishoni mwa miaka ya themanini baba aliniita nimchanjie kuku kideri. Kaka alikuwa amehamia Arusha, anakuja Krismasi. Gari lilikuwa palepale nyuma ya nyumba, limezama kwenye majani, na kuku wa baba walikuwa wanalala humo. Ilikuwa Februari, jua kali, na ndani ya bati walikuwa wanahema midomo wazi. Harufu ilikuwa ileile: ngozi, mavi, na sasa manyoya. Niliziba pua kwa kanga.

"Wanakufa humu," baba akasema. "Sijui ni kideri au ni nini."

"Ni joto, baba." Nikachukua nyundo yake, nikagonga ubavuni pale rangi ilipokuwa imeanza kupasuka. Donge la mavi na majivu likaanguka ndani zima kama sahani. Nikagonga la pili. Upepo wa mlimani ukaingia ndani, na kuku wakanyanyua mabawa kuupokea.

Baba akainama. Akatia mkono kwenye tundu, akauacha humo.

"Upepo unaingia," akasema.

"Ndiyo."

"Kumbe yalikuwa ya kuingiza?"

"Ndiyo, baba. Ya kuingiza, ili injini ipoe."

"Kaka yako aliniambia upepo ulivuja," akasema. "Siku ile. Aliniambia sikuziba vizuri, ndiyo maana injini yako ikafa. Nikampa shamba lile kumtuliza moyo. Na wewe nikashindwa kukutazama." Mkono bado ulikuwa ndani ya tundu. Nilimwona kwa mara ya kwanza akikunja uso kama aliyeonja kitu kilichooza.

Nilitaka kusema neno juu ya kaka yangu ambalo mtu halisemi mbele ya baba yake. Nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Baba akaninyooshea kiganja. "Lete nyundo," akasema.

Nikampa, akazunguka upande wa pili, na kuanza kugonga.