Helmeti Kwapani mwa Verlin Stoltz

Katika mji wetu wa Wahlen, hapa Nebraska, ukitaka kuharibu mazungumzo mazuri, mtaje Verlin Stoltz. Watakuambia ndiye aliyeizika timu ya chuo. Zamani nilikuwa nabishana nao, nikachoka. Lakini nilifanya kazi naye miezi kumi na moja, na wanachosahau hawa wenzangu ni kwamba kabla ya kuizika, kama kweli aliizika, yeye ndiye aliyeifufua.

Jina langu ni Ardith Kolar. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mhudumu wa afya wa Korongo, timu ya Chuo cha Wahlen. Mpira wetu ni huu wa kubeba mikononi, wa helmeti na kinga za plastiki za mabega, watu kumi na moja wakigongana na kumi na moja wenzao. Mimi nilikuwa mtu wa plasta na barafu: vifundo vya miguu, mabega yaliyochomoka, na vichwa.

Mwaka mmoja kabla ya Verlin tulifungwa mechi zote kumi. Na si kufungwa tu, tulikuwa tunaaibishwa. Timu pinzani zilikuwa zinapita katikati ya ulinzi wetu kana kwamba zinakwenda sokoni. Watu wakaacha kuja uwanjani. Bodi ya chuo ikamwita kocha mkuu, Lonnie Pfeil, ikamwambia bila kumung'unya maneno: mkishinda mechi tano msimu ujao, timu inabaki, mkikosa, tunaifuta. Lonnie alikuwa kijana mwenye nywele nzuri na maneno mengi. Kushambulia alijua, kulinda hakujua kabisa, na sifa yake moja ni kwamba alikubali hajui. Akatafuta kocha wa ulinzi, na aliyekubali kuja kwetu alikuwa Verlin peke yake.

Alifika Januari na pikapu lenye kutu, mjane wa miaka hamsini na tisa, mrefu, goti moja halikunji sawasawa. Siku ya kwanza alikusanya vitabu vya mipango ya ulinzi, akavitia kwenye boksi, akalisukuma kwa mguu hadi nje ya mlango.

"Humo mlikuwa na mipango sitini," akawaambia wachezaji. "Mkapigwa na watu wenye mitatu. Sisi tutabaki na minne."

"Minne tu, mzee?" akauliza mmoja. "Hiyo hata bibi yangu ataishika."

"Basi mlete. Sijapata beki wa kushoto bado."

Walicheka. Nilikuwa pale mlangoni na nilishtuka, maana ilikuwa muda mrefu sijasikia kicheko kwenye chumba kile.

Mipango ilikuwa minne, lakini alitaka kila mchezaji ajue kazi ya wote kumi na moja, si yake tu. Februari yote hawakugusa mpira. Walitembea. Juu ya theluji, polepole, kila mtu akisimama mahali pa mwenzake na kusema kwa sauti anachotakiwa kufanya. Wapita njia walikuwa wanapiga honi na kuuliza kama ni mazishi. Verlin anawapungia mkono, wanaendelea.

Na Jumatatu, baada ya mechi, walikaa mbele ya video. Kwa makocha wengine niliowahi kufanya nao kazi, siku hiyo ilikuwa ya matusi. Verlin aliweka sheria moja: mwenye kosa analisema mwenyewe kabla hajaulizwa, na akishasema, hakuna wa kuligusa tena. Mwanzoni walikuwa bubu. Kisha siku moja, mechi ya majaribio imekwisha, beki mmoja akasimama. "Hapo ni mimi. Nilikuwa namtazama msichana mwenye koti jekundu."

"Angalau alikutazama?" Verlin akauliza.

"Hata kidogo, kocha."

"Kwa hiyo umepoteza pande zote mbili. Kaa."

Kuanzia siku ile waliacha kulaumiana. Ndiyo siri yote, kama watu wanataka siri. Watu waliokuwa wanaoneana aibu walianza kuaminiana, na mtu anayemwamini wa pembeni yake hakimbii kwenda kuziba nafasi isiyo yake.

Mbele ya wote alikuwa Colter Marek, mtoto wa wafugaji, anayesimama katikati ya safu ya ulinzi na kuwapangia wengine. Kufikia Aprili, Colter alikuwa anaweza kukusomea kazi ya watu kumi na moja katika mipango yote minne, macho ameyafumba, bila kukwama. Mama yake, Jolene, alikuwa anasema shuleni hakuwahi kuleta alama nzuri hata siku moja, na sasa anakariri wakati anakamua ng'ombe.

Sasa nifike kwenye langu.

Kila Agosti, kabla ya msimu, nilikuwa nawapa wachezaji mtihani wa kichwa. Namsomea mtu maneno kumi na mawili, tunasubiri kidogo, ananirudishia anayoyakumbuka, naandika. Msimu ukianza, mtu akigongwa kichwa, namrudia mtihani. Akipata kama alivyopata Agosti, anarudi uwanjani. Akipata pungufu, anakaa nje wiki, pengine mwezi. Kwa hiyo wachezaji wana ujanja wao, na wakubwa huwafundisha wadogo kila mwaka kule bafuni: jifanye mjinga Agosti uonekane mzima Novemba. Mtu anakosea makusudi, alama yake inakuwa ya chini, na siku akipigwa kweli, hata kichwa kikiwa kimejaa ukungu, ataifikia. Kila mhudumu wa timu analijua hilo. Wengi tunajifanya hatulijui.

Colter alikuja akakaa mbele yangu na tabasamu. Nikamsomea maneno kumi na mawili. Akanirudishia manne.

"Manne tu, Colter?"

"Mama Ardith, mimi ni mtu wa ng'ombe. Vichwa vyetu vidogo."

Nikaandika manne. Nikatia sahihi.

Septemba tulishinda mbili, na ya pili wapinzani hawakupata hata pointi moja. Mahindi yalikuwa yanasubiri kuvunwa na watu wakayaacha wakaja uwanjani. Jumatano moja Verlin alikuja chumbani kwangu kuweka barafu gotini. Akaketi juu ya meza ya plasta, akaniambia habari ambayo sikuwa nimemwuliza.

"Kansas nilikuwa na kijana anaitwa Royce. Aligongwa, mhudumu akampima, akapita. Nikamrudisha. Akagongwa mara ya pili." Alikuwa anaitazama ile barafu. "Ana miaka thelathini na moja sasa. Mama yake ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Kila Julai nakwenda kuwakatia nyasi. Royce huwa ananiuliza mimi ni nani."

Nikasema pole, neno ambalo halikutosha.

"Alidanganya Agosti," akasema. "Nilijua walikuwa wanadanganya, dada. Wote tulijua. Hawa wako, vipimo vyao ni vya kweli?"

"Vya kweli," nikamjibu.

Hata sikusita. Nilijidanganya kwamba sitaki kumwongezea mzigo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshinda mbili.

Kufikia wiki ya mwisho ya msimu tulikuwa tumeshinda mechi nne. Imebaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Ostrander, Jumamosi ya katikati ya Novemba. Tukishinda, timu inabaki. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mapikapu yao nyuma ya uzio. Wanawake wa kanisa walipika masufuria ya maharage na nyama ya pilipili, na mikate ya mdalasini ya kulia nayo. Upepo ulikuwa mkali na theluji nyepesi ilikuwa inaruka pembeni.

Dakika za mwisho za robo ya tatu kati ya nne za mchezo, tunaongoza kumi na sita kwa kumi. Mbeba mpira wao akaja katikati, Colter akamvaa kumwangusha, na goti la yule mtu likampiga Colter kwenye helmeti. Mpira ukadondoka, tukauchukua, uwanja ukalipuka. Colter akainuka. Akashika nyasi kwa mkono mara mbili kabla ya kusimama wima. Wachache waliona, kwa sababu wote walikuwa wanautazama mpira. Verlin aliona.

Nilimleta kwenye benchi. Nikamsomea maneno kumi na mawili. Akanirudishia matano.

"Agosti alipata manne," nikamwambia kocha mkuu. "Amepita."

"Haya, arudi!" Lonnie akapiga makofi.

Verlin alikuwa ameshafika. Alichuchumaa kwa shida mbele ya kijana, goti lile bovu likiwa limenyooka pembeni.

"Colter. Agosti ulikumbuka maneno manne."

"Ndiyo, kocha."

"Aprili ulinisomea watu kumi na moja mara nne, macho umefumba. Ni wewe yule?"

Colter akanitazama mimi, akatazama chini.

"Basi hatujui," Verlin akasema polepole. "Huenda uko mzima kabisa. Lakini kipimo chako tulikitupa Agosti, na sasa hatuna cha kupimia." Akainuka, akaichukua helmeti ya kijana kutoka kwenye benchi, akaibana kwapani.

"Verlin!" Lonnie alikuwa mwekundu uso mzima. "Ardith amempitisha! Karatasi hii hapa!"

"Mimi sijampitisha."

"Tumebakiwa na robo moja, mzee wangu! Robo moja tu! Unataka kutuua?"

"Kocha, tafadhali," Colter akasema, na sasa alikuwa analia. "Naona vizuri. Nakuapia. Usinifanyie hivi leo."

"Nichukie tu, mwanangu," Verlin akamwambia. "Una haki."

Lonnie angeweza kuamuru. Angeweza kumpa kijana helmeti nyingine. Alinigeukia mimi. Kama ningesema tena neno lile moja, amepita, angemrudisha, nina hakika. Lakini nilikuwa nimeshaitazama sura ya Verlin. Sikusema apite, sikusema asipite. Basi robo yote ya mwisho Verlin aliendesha ulinzi wake vile, akitoa ishara kwa mkono mmoja na mwingine umebana helmeti.

Kijana aliyeingia mahali pa Colter aliitwa Fenton, wa mwaka wa kwanza, na alijua kazi yake. Walisimama imara, sitawanyima haki yao. Mara tatu Ostrander walifika karibu na mstari wetu wa goli na mara tatu wakarudishwa. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, Fenton akasukumwa hatua moja kushoto. Hatua moja tu. Mbeba mpira wao akapita palepale ambapo Colter husimama, akavuka mstari, pointi sita, kumi na sita kwa kumi na sita. Mkwaju wa nyongeza, wa pointi moja, ukapita kati ya nguzo. Tukafungwa kumi na saba kwa kumi na sita.

Sijawahi kusikia watu elfu nne wakinyamaza namna ile. Jolene Marek aliteremka kutoka jukwaani, akasimama mbele ya Verlin.

"Mwanangu ana akili timamu," akamwambia. "Umemfanya mgonjwa mbele ya watu. Yeye alikupa roho yake na wewe hukumwamini."

Verlin akavua kofia yake. "Mpeleke hospitali Jumatatu, mama. Nakuomba hilo tu."

Walimpeleka hospitali kubwa. Wakampiga picha za ubongo, daktari wa vichwa akamchunguza siku nzima. Jumanne nilipigiwa simu. Picha zilikuwa safi. Daktari alisema haoni hata dalili ya mtikisiko wa ubongo. Kijana angeweza kumaliza mechi ile na nyingine juu yake.

Nilimkuta Verlin anapanga makoni ya mazoezi stoo. Nikamwambia. Nilidhani ataanguka, kwa jinsi mji ulivyokuwa unamsema. Akakaa juu ya boksi, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Nikamshika bega nikamwambia asijilaumu. Akaondoa mikono usoni, na nikaona kwamba alikuwa analia kwa furaha.

"Safi kabisa?" akaniuliza. "Wamesema safi kabisa?"

"Safi kabisa."

"Ashukuriwe Mungu," akasema. "Ashukuriwe Mungu. Nilikosea."

Desemba bodi ikapiga kura, timu ikafutwa. Lonnie akapata kazi mahali pengine kabla ya Krismasi. Verlin hakupata wala hakutafuta. Akapakia pikapu lake akaenda Kansas, na alikufa huko miaka sita baadaye, katika nyumba aliyopanga mtaa mmoja na ya Royce. Nilikwenda kumzika. Kutoka Wahlen tulikuwa wawili, mimi na Fenton.

Colter yuko mzima, anafuga, ana watoto watatu. Na kila Desemba mama yake huniletea mikate ya mdalasini aliyoioka mwenyewe, ya moto bado, imefunikwa kitambaa. Husimama mlangoni pangu, akanishika mikono yote miwili, akasema lile lile kila mwaka, kwamba siku ile uwanjani mimi peke yangu ndiye niliyemtazama mwanawe machoni na kumwamini. Sijawahi kumwambia kwamba sikumtazama. Wakati Colter ananirudishia yale maneno matano, mimi nilikuwa natazama ubao wa pointi.