Sauti Iliyoita Mara Moja Kilimani

Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, na valvu ya ule mtambo ilikuwa kwenye kiganja changu hiki.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza walipowasaka wapiganaji wa msituni. Mimi na Muriungi, jirani yangu wa Muthara, tulikuwa mafundi wa redio za polisi. Kilimani tulikuwa tumesimamisha mtambo wa kupokeza sauti: una sikio la kusikia kituo cha Maua, na mdomo wa kuirusha sauti hiyo hadi Meru na Embu. Siku hiyo sikio lilikufa. Nikachomoa valvu yake, ile taa ndogo ya kioo, nikaikuta imeungua. Mdomo tuliuacha ukiwaka ili tuujaribu.

Unadhani ilikuwa usiku? Saa nane mchana, bwana, na jua linachoma.

Spika, ambayo sasa haikuwa na namna ya kupokea chochote, ikaita, "Muriungi!"

Kwetu, ukiitwa na mtu usiyemwona, unanyamaza mpaka aite tena. Wafu huita mara moja tu. Lakini kazi ya redio ilitufundisha kinyume: ukiitwa, jibu papo hapo, la sivyo utakula kiboko cha inspekta wetu mzungu. Muriungi akanyakua maikrofoni.

"Naam!"

"Mwana wakwa, mdogo wako Kaberia amekula? Yuko wapi nimpelekee chakula?"

Ilikuwa sauti ya mama yake, ikimwita mwanangu kwa lugha yetu. Nilimjua vizuri yule mama, na nilishika jembe tulipomzika. Kaberia alikuwa msituni na wapiganaji, na aliyejua maficho yake ni Muriungi peke yake, kwa sababu ndiye aliyempelekea chakula.

"Wacha, Muriungi! Nyamaza! Valvu ninayo mimi hapa!"

Lakini mtu humnyamazia vipi mama yake? Machozi yalimlengalenga. "Yuko pangoni, mama, nyuma ya maporomoko. Hajala tangu juzi."

Mdomo ukayarusha maneno hayo kwenye kila kituo.

Jioni homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, walimlaza Kaberia sokoni, maiti, watu wakapangwa foleni wamtazame. Inspekta akamvisha Muriungi blanketi jipya mbele ya wote, akamsifu. Wanawake wakamtemea mate. Nilimchukia yule mzungu, na niamini, namchukia hata leo.

Kesho yake tulirudishwa kilimani na valvu mpya. Nilipoipachika tu, spika ikasema kwa upole, "Asante, mwana wakwa. Kaberia amefika. Sasa anakula."

Muriungi hakusema neno tena maisha yake yote. Mkewe alimlisha kwa kijiko mpaka akafa, amejifunika blanketi lile lile.

Mimi ni mzee sasa. Wajukuu wangu hununa kwa kuwa simu yao siipokei mpaka ipigwe mara ya pili. Wanune tu. Nawe, ukiitwa na usiyemwona, ngoja uitwe tena. Ikiwa ni sauti ya mama yako, ziba masikio kabisa.